Mheshimiwa Waziri wa kazi na ajira, ukimya wangu sio sababu ya kuninyima kazi

Mheshimiwa shikamoo. Nakuandikia nikiwa Nkuhungu hapa hapa Dodoma, wewe upo Mtumba kwenye mji wa serikali, daladala mbili tu nimefika, lakini najua getini sitapita kwa hiyo naandika hapa na naomba wanaokufahamu wakufikishie.

Mwezi uliopita niliitwa usaili wa mtunza stoo kwenye kampuni moja hapa mjini, jina siliweki maana naamini hawapo peke yao. Hiyo kazi naijua, nimekaa stoo ya nafaka Kizota miaka minne, gunia likiingia naandika likitoka naandika, hesabu ya mwisho wa mwezi haijawahi kunipiga chenga hata mara moja. Nikaenda na bahasha yangu ya vyeti na barua ya bosi wa zamani, haikufunguliwa. Tukakalishwa kwenye kompyuta wote tukaambiwa tujibu maswali ya kupima haiba, yaani hulka ya mtu, dakika ishirini. Swali la kwanza nalikumbuka mpaka leo, limeandikwa "Mimi ni uhai wa sherehe", halafu unachagua kuanzia nakataa kabisa mpaka nakubali kabisa. Nikalitazama weee. Uhai wa sherehe ndio nani, MC? Mpishi? Aliyetoa hela? Nikabonyeza nakataa, kwa sababu mimi kwenye shughuli ni wa kupanga viti na kuhakikisha maji hayaishi. Siku ya tatu ikaja meseji kwamba haiba yangu haiendani na nafasi, mkimya mno. Nikarudi kuomba nione majibu yangu mwenyewe nikaambiwa ni siri ya ofisi.

Iliniuma sana Mheshimiwa. Mdogo wangu anasomea ualimu, ana madaftari na vitabu vya saikolojia, nikawa navisoma usiku kwa wiki kama tatu hivi, na huko ndiko nilikogundua kwamba lile swali la sherehe ni la Kiingereza, lipo kwenye vipimo vya bure vinavyotumika sana Marekani, na maana yake ni mtu anayechangamsha shughuli. Aliyelileta kwetu alitafsiri neno kwa neno na hakuna mtu hata mmoja aliyekaa na Waswahili watano akawauliza wameelewa nini.

Na sio swali tu, hata msingi wenyewe. Mwaka 1936 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Allport na Odbert, walipitia kamusi ya Kiingereza wakatoa karibu maneno 18,000 yanayoelezea mtu alivyo. Waliofuata wakayachekecha miaka na miaka mpaka yakabaki mafungu matano makubwa: uchangamfu, upole kwa wengine, uwajibikaji, wasiwasi, na kupenda mawazo mapya. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini ni kamusi ya Kiingereza! Kamusi yetu ingechekechwa ingetoa nini, sisi ambao tukimsifia mtu tunaanza na utu na haya? Watafiti walipoenda Bolivia kwa Watsimane, watu wa kulima na kuwinda, wakawahoji watu wazima 632, yale mafungu matano hayakutoka vile yalivyotarajiwa, matokeo yalitolewa 2013. Sasa kama kule yameyumba, nani kayapima kwa mtoto wa Bahi kama mimi, niliyelelewa kwamba wazee wakiongea wewe unanyamaza unasikiliza, na hiyo ndio adabu?

Halafu kuna hili la hali. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel aliandika kwamba tabia ya mtu inabadilika sana kutegemea yupo wapi na yupo na nani, kwa hiyo alama za karatasi zinatabiri kidogo tu atakachofanya kesho. Wenzake walimpinga miaka mingi, wakasema ukimwangalia mtu siku nyingi utaona mwenendo wake, na mimi naona wote wana lao. Ila mimi huyo mkimya, dereva akitaka kunipunja gunia mbili pale Kizota sauti yangu ilikuwa inasikika mpaka barabarani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata ukivikubali hivyo vipimo vyote, ile kampuni ilitumia kipande kisichohusika. Watafiti Barrick na Mount mwaka 1991 walikusanya tafiti nyingi za kazi mbalimbali wakakuta fungu linaloendana na utendaji kwenye kazi zote walizoangalia ni uwajibikaji. Uchangamfu ulisaidia kwenye umeneja na mauzo. Mimi niliomba stoo!!

Kuna mwenzangu tuliyefanya naye usaili akapita, akanionesha ripoti yake akasema yaani hii ni mimi kabisa. Nikaisoma: "wakati mwingine unajiamini, wakati mwingine una mashaka". Nani hayuko hivyo? Mwaka 1948 mwalimu Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba, kila mmoja akidhani ni yake, kumbe wote walipewa karatasi moja inayofanana, na wakaipa wastani wa 4.26 kwenye 5 kwa usahihi. Sasa afisa utumishi akiona ripoti kama hiyo anaamini mashine imeona moyo wa mtu. Na vile vipimo vya herufi nne (MBTI) vinavyogawa watu makundi 16, kampuni yenyewe inayoviuza inasema visitumike kuchagua wa kuajiri, ila hapa mjini naambiwa na wenzangu wanaulizwa herufi zao kwenye usaili.

Mheshimiwa sisemi mvipige marufuku. Naomba utoe mwongozo kwamba mwajiri akitaka kupima haiba atumie kipimo kilichojaribiwa kwa Kiswahili na kwa Watanzania, kipime kitu ambacho ile kazi inakihitaji kweli, na kisiwe peke yake cha kumkata mtu kabla vyeti na uzoefu havijaangaliwa. Wataalamu wa kukagua unao jirani, chuo kikuu cha UDOM wapo, hospitali ya akili ya Mirembe wapo, waite wakae mezani. Na muombaji aoneshwe majibu yake, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayompa mtu haki ya kupata taarifa zake, sasa hiyo siri ya ofisi inatoka wapi wakati haiba ni yangu?

Maswali niliyoyakumbuka nimeyaandika kwenye daftari, yako 31, na meseji bado ninayo kwenye simu. Nikiitwa hapo Mtumba siku yoyote nakuja navyo pamoja na ile bahasha.