Dei kea ikishindikana, anayelipa ni mtoto mkubwa

Mhariri salaam,

Kila mjadala wa bei za dei kea naona unaishia palepale, wazazi wanalia ada iko juu, serikali inasema bajeti haitoshi, alafu anatokea mtu anasema kama huwezi kulea usizae (huyo hakosekanagi). Hakuna anayeuliza, sasa kama mzazi kashindwa kulipa na kazini kaenda, mtoto kabaki na nani?

Kabaki na kaka yake au dada yake. Mi nilikuwa huyo kaka. Mama akiwa na shifti ya asubuhi siendi shule, nabaki na mdogo wangu, akiwa na ya usiku naenda ila nasinzia, na mwalimu akawa ananijua kama mvivu tu, hakuna siku aliniuliza nyumbani kuna nini. Mama simlaumu hata kidogo, angeacha kazi tungekula nini, na angelipa dei kea mshahara wote ungeishia huko. Na hata ungepatikana huo mshahara, vituo vingi vinafungwa jioni mapema wakati shifti bado inaendelea, kwa hiyo wa kumfuata mdogo ni yuleyule.

Na tusiambiwe haiwezekani. Quebec kule Kanada 1997 walianza na bei moja tu, dola 5 kwa siku kwa mtoto, nyingine inabebwa na serikali, na akina mama wengi wakarudi kazini. Foleni za kupata nafasi zikawa ndefu kwelikweli, sikatai, ndo maana kushusha ada bila kuongeza vituo na kuwalipa vizuri wanaolea hao watoto ni kazi nusu. Ujerumani wao tangu Agosti 2013 mtoto akitimiza mwaka 1 nafasi ni haki yake kisheria, na 2016 mahakama ikasema mzazi aliyekosa nafasi kwa uzembe wa halmashauri anaweza kudai mshahara aliopoteza. Hapo ndo utaona halmashauri inavyokimbia kujenga!

Kuna na hawa wanaouguza mzazi mgonjwa au mlemavu, wanampa dawa, wanamwogesha, usiku wanaamka, na wao wenyewe bado watoto. Uingereza kuna posho ya anayeuguza mtu nyumbani, lakini uwe umefika miaka 16 na usiwe unasoma saa 21 au zaidi kwa wiki, yaani kijana anaambiwa achague shule au mama yake. Scotland waliliona hilo, 2019 wakaanzisha ruzuku ya vijana wa miaka 16 mpaka 18 wanaouguza, na kusoma hakuwazuii kuipata. Ila wa miaka 11 je? Anaamka usiku vilevile.

Mi ombi langu kwa wanaopanga hizi bajeti, msaada wa dei kea na wa hawa watoto uwe kwenye meza moja, msiupeleke wizara mbili zisizoongea. Na shule mtoto akikosa kosa siku zilezile kila wiki, kabla ya kumwandikia utoro muulizeni ulikuwa unamlea nani, na awepo mtu wa kupokea hilo jibu.

Ni mimi,
Mlezi tangu darasa la nne