YAH: Mama yangu kumulikwa tochi usoni getini kwenu na kuambiwa akalale na mbwa

Ndugu Meneja wa kambi,

Habari za kazi. Naandika nikiwa nimeshafika nyumbani Rombo, nimelala, nimekula, nikasema ngoja hasira zipoe kwanza ndio niandike, hazijapoa, kwahiyo mniwie radhi mapema kama kuna neno litatoka vibaya.

Sharti lenu kuhusu wanyama, kwamba mbwa wanaruhusiwa wakiwa na chanjo, mmeliandika wenyewe, siwezi kuwasomea. Buking yangu mnayo, ya tarehe 22 Desemba, hema mbili, na mbwa wametajwa. Dada yenu wa buking alinijibu kwa wasap "mbwa karibu, waje na kadi za chanjo na usiku wafungwe kamba". Advansi elfu tisini mkala. Meseji ninayo na risiti ninayo.

Sasa tumefika getini kwenu saa mbili usiku. Barabara ya Desemba mnaijua, kila kijiji hamsini, tochi za trafiki tangu Chalinze, malori yamepangana, watoto wamechoka, mama yangu miguu imevimba kwa kukaa. Akashuka yeye wa kwanza ajinyooshe, ameshika kamba ya mbwa wetu Bosi, akawasalimia vijana wenu, "hamjambo wanangu". Msimamizi wenu hakuitika. Shikamoo hakutoa. Akammulika tochi usoni, usoni kabisa, mpaka mama akainua khanga kujikinga macho, ndipo akamwambia "hapa sio banda la mbwa, kama unawapenda sana mama kalale nao huko nje". Mama ana miaka 71.

Na mchana wa siku hiyohiyo tukiwa Mombo tunakula nilipiga simu kuhakikisha, nikaambiwa njooni tu hema zimeshapigwa! Sasa aliyepokea simu ni nani, na yule wa getini ni nani, au mna kambi mbili?

Nikatoa kadi za chanjo, kichaa cha mbwa na distempa (ule ugonjwa wa virusi wa mbwa), zote zina mhuri wa daktari wa mifugo. Hakuzishika hata. Akaanza eti hapa ni hifadhi, mbwa hawaruhusiwi, wanaambukiza wanyama. Jamani. Hifadhi ni Mkomazi na geti lao liko Zange, nyie mko kandokando ya lami, mbuzi wa watu wanalala ukutani kwenu. Sheria ya hifadhi naijua na naiheshimu, najua mwaka 1994 Serengeti distempa iliua karibu theluthi moja ya simba na mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa, na hapo Mkomazi kuna mbwa mwitu wanazalishwa, ugonjwa ukiingia ni msiba. Ndio maana nachanja! Nisingekuwa najali nisingebeba kadi.

Halafu tunabishana hapo, geti liko wazi, mwanangu ananivuta shati, "baba mbona yule yupo?" Naangalia ndani, chini ya Land Cruiser yenye hema juu, kuna mbwa mweupe amelala chali kwenye zulia lake na wazungu wanakula pembeni. Nikamuuliza msimamizi na yule je, anaambukiza au haambukizi? Akasema wale ni wageni. Sisi ni nani? Sisi tuliolipa advansi ni nani?

Tukaomba basi maji tu ya mbwa, kuna joto la Same lile mnalijua hata usiku halishuki. Askari akasema bomba ni la wageni. Chuma, mbwa wetu wa pili, alikuwa amelaza ulimi kwenye kokoto.

Narudia tena kwa sababu nadhani hamjanielewa. Mama yangu alisalimia. Mtu mzima, amesimama kwenye kokoto na kandambili, miguu imejaa maji, anawaita wanangu, na kijana wa kumzaa kabisa akamshushia tochi machoni kama amekamata mwizi wa kuku, akamwambia akalale na mbwa, na wenzake wawili wakacheka. Hilo la kucheka sikulisema mwanzo. Walicheka. Mama hakujibu kitu, akasema tu "twendeni", na toka pale mpaka Same mjini hakuongea. Gesti wakawapokea mama, mke wangu na watoto, mbwa hapana, kwahiyo mimi nimelala sheli kwenye gari na Bosi na Chuma, vioo nusu, mbu wote wangu.

Nilikuwa nataka tu elfu tisini yangu irudi. Lakini nikiandika hivi naona haitoshi, mtarudisha na hela ya gesti vyumba viwili, elfu sabini, risiti ninayo pia. Na mama aombwe msamaha. Nilitaka kusema kwa simu, hapana, simu ni rahisi sana, huyo msimamizi apande Rombo na mkubwa wake mmoja, aingie kwa mama, atoe ile shikamoo aliyoibana, na wale wawili waliocheka nao waje.

Nawapa mpaka tarehe 5 Januari. Ikipita, meseji za buking na picha ya yule mbwa mweupe (nilipiga) zinakwenda Tume ya Ushindani na nakala Wizara ya Maliasili na Utalii, waangalie na leseni yenu vizuri, na mtandaoni nitaziweka na jina la kambi herufi kubwa. Wachaga tunashuka Dar mwanzoni mwa Januari, wote kwa barabara hiyohiyo, na wengi wana simu.

Wenu katika kusubiri,
Mteja wa tarehe 22, yule wa mbwa wawili