Matembezi ya Jumamosi: Berlin na historia yake ya ukoloni

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Tutakutana Jumamosi saa nne kamili asubuhi katika mtaa wa Wilhelmstraße, mahali lilipokuwa jumba ambamo, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walijadili hatima ya Afrika bila Mwafrika hata mmoja kuwa mezani. Jumba lenyewe halipo tena, hivyo msitarajie cha kupiga picha zaidi ya kibao cha kumbukumbu. Mwongozaji wetu atatueleza pia jinsi Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye kwetu Afrika Mashariki alibaki na jina la Mkono wa Damu, alivyopewa hati ya Kaisari wa Ujerumani ya kulinda maeneo aliyojitwalia Afrika Mashariki, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa.

Kisha tutapanda treni ya U6 hadi mitaa ya Wedding, ambako barabara iliyopewa jina la Peters mwaka 1939 iligawanywa mwaka 2024, sehemu moja ikaitwa Maji-Maji-Allee na nyingine Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia aliyepinga ubaguzi wa rangi. Binafsi, hapo ndipo ningependa tukae zaidi.

Wenye watoto wadogo wazingatie kwamba simulizi za kunyongwa watu zitatajwa waziwazi. Tafadhali thibitisheni kufikia Alhamisi jioni.