Kituo Chetu Hakikufa kwa Kuchokwa

Bwana Mhariri,

Katika miaka yote niliyolisoma gazeti lako sijawahi kukuandikia, lakini makala ya juma lililopita kuhusu kituo chetu kidogo cha televisheni imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako anadai kuwa kilizimika kwa sababu wenyeji walikichoka. Wenyeji ni sisi, wala hakuna aliyekuja kutuuliza.

Angeanzia mwaka 1982, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani ilipofungua mlango wa leseni za vituo vya nguvu ndogo kama chetu. Kwa kawaida vilipewa wati 10 katika chaneli 2 hadi 13 na wati 1,000 katika chaneli za juu, kwa sharti kwamba vikigongana na kituo kikubwa, kidogo ndicho kitakachohama au kuzima mtambo. Mpangaji wa namna hiyo huishi na mizigo yake mlangoni.

Tarehe 12 Juni 2009 vituo vikubwa vilizima matangazo ya analojia, yaani ya mfumo wa zamani, vikabaki na ya dijitali, vidogo vikaruhusiwa kuendelea na analojia. Serikali ilitugawia kuponi za dola 40 za kununulia ving'amuzi vya kupokea dijitali kwenye televisheni za zamani, nami nikanunua changu, nikakifunga, chaneli kubwa zikaja safi kabisa, ila ya kwetu haikuonekana. Kumbe king'amuzi kile, kama vingine vingi vilivyouzwa wakati huo, hakikupitisha mawimbi ya analojia! Basi kila jioni ya kikao cha halmashauri ya mji, ambacho hakuna kituo kingine kilichokionyesha, nilipiga magoti nyuma ya televisheni, tochi mdomoni, nikafungua waya wa antena kwenye king'amuzi na kuufunga kwenye televisheni, nati ikinichuna vidole. Kikao kikiisha, nikaurudisha. Mama yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 81 na mikono ya kutetemeka, alikuwa akiishi peke yake, naye angefanyaje? Alikipenda kituo kile kuliko sisi sote, lakini kwa hesabu za mwandishi wako naye ni miongoni mwa waliokichoka.

Tena, kampuni ya kebo niliyoiomba ikibebe kituo chetu katika chaneli zake, kwa kuwa sheria haikuilazimisha kubeba vituo vingi vya aina hiyo, ilinijibu kwamba nafasi zimejaa, ilhali ilikuwa na chaneli tatu zinazouza vito usiku kucha. Na gazeti lako, Bwana Mhariri, lilikiondoa katika ratiba ya vipindi kabla hakijazimika, jambo ambalo makala haikuona haja ya kulitaja.

Mnada wa masafa ya televisheni uliokwisha mwaka 2017 ulikusanya takribani dola bilioni 19.8, na mawimbi ya chaneli 38 hadi 51 yakaenda kwenye simu za mkononi. Vituo vikubwa viliweza kuuza masafa yao kwa hiari. Chetu, chenye leseni ya kawaida ya nguvu ndogo, hakikuruhusiwa hata kushiriki, kikaletewa notisi ya siku 120 ya kuondoka katika masafa hayo. Bunge lilipotenga fedha za kuvifidia vituo vya aina hiyo mwaka 2018, mtambo wetu ulikuwa umeshashushwa mnarani.

Namwalika mwandishi wako nyumbani kwangu Jumanne yoyote saa moja jioni, aje na tochi yake na kitambaa cha kuwekea magoti. King'amuzi bado ninacho, kiko juu ya kabati.

Msomaji wako wa siku nyingi