Hicho kigae cha 1865 kisiwadanganye

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi kidogo hapo kwako maana hili jambo limenikaa rohoni. Juzi nilikuwa nasubiri bodaboda Main Street hapa Jinja, Uganda, nikamsikia kijana mmoja anayetembeza wageni, kawasimamisha mbele ya ile nyumba ya ghorofa yenye duka la simu chini, anawaambia ilijengwa mwaka 1865, na ushahidi anao mkononi kabisa, kipande cha kigae kilichoanguka kutoka juu ya paa. Wageni wakapiga picha. Mi nikanyamaza ila sikufurahi, manake nyumba hio naijua, baba yangu alishona kwenye baraza lake miaka mingi, nimekulia chini ya cherehani yake nikiokota vifungo.

Kigae chenyewe ni cha kweli, sikatai. Kimeandikwa Basel Mission Tile Works, Mangalore, na mwaka 1865. Lakini hilo ni jina la kiwanda cha wamisionari kule India na huo ndo mwaka kiwanda kilipoanza, kwa hivo hata kigae kilichochomwa miaka arobaini baadaye kilipigwa muhuri uleule. Ni kama mtu asome mwaka ulioandikwa kwenye chupa ya bia halafu aseme bia ni ya babu yake. Mwaka 1865 ilikuwa miaka mitatu tu tangu Speke, yule mvumbuzi Mwingereza, asimame hapo mto Naili, Julai 1862, sasa huyo mwenye duka la ghorofa alikuwa anamuuzia nani chumvi? Na vigae ni vizito jamani. Reli ilifika Kisumu 1901, kutoka hapo mzigo unavuka ziwa kwa stima. Kabla ya hapo ni kichwa cha hamali kutoka pwani, miezi mitatu njiani, nani atabebesha watu paa zima?

Fundi aliyepanda kuziba panapovuja aliniletea vipande vingine viwili, kimoja kina jina la Commonwealth Trust. Hao ndo walichukua viwanda vya wamisionari baada ya Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walipowanyang'anya. Kwa hivo sehemu ya paa ni ya baada ya vita hio. Inawezekana lilikuwa rekebisho tu, siwezi kuapa, ila nikiangalia pesa ya pamba iliyopita Jinja baada ya reli ya kutoka Jinja kwenda Namasagali kufunguliwa 1912, mimi naiweka nyumba yetu kwenye miaka ya pamba wala sirudi nyuma zaidi. Pale juu usoni mwa nyumba kuna jina la mwenyewe na mwaka vimechongwa kwenye saruji, lakini zimepakwa rangi ya kampuni ya soda, halafu ya sigara, sasa ya simu, namba mbili za mwisho zimezikwa humo. Nilipanda ngazi nikajaribu kupapasa kwa kidole, mwenye duka akanifukuza.

Basi nikaamua kufuata makaratasi. Anayetaka kufanya hivo kwa nyumba yake aanze na leo arudi nyuma, asianze na hadithi ya babu. Namba ya ploti, halafu ofisi ya ardhi uombe kutafutiwa kwenye rejista ya lizi, yaani hati za kukodi ardhi, kila aliyehamishiwa ameandikwa, unashuka mmoja mmoja kama ngazi. Tatizo ni kwamba rejista inakwambia nani mwenye lizi, haikwambii nani alikuwa analala ndani. Kwetu jina la kwenye lizi ni la kampuni ambayo hakuna mzee hata mmoja anayeikumbuka, na jina wanalolikumbuka wazee wote, la Mhindi wa vitambaa, halimo. Kumbe alikuwa mpangaji! Miaka yote hio tunasema nyumba ya fulani na fulani mwenyewe alikuwa analipa kodi kila mwezi kama sisi. Hapo nilicheka peke yangu mpaka karani akaniangalia. (Ofisi nyingine sitaitaja, huko niliambiwa faili liko stoo, stoo imefungwa, mwenye ufunguo kaenda maziko. Nilienda mara tatu, naona maziko yalikuwa marefu.)

Halafu unafika 1972 na hapo kila mtu wa Jinja anakuwa mwalimu. Amin alitoa siku 90 mwezi wa nane, mwezi wa kumi na moja Wahindi wengi wameshaondoka, wale waliobaki unawahesabu. Nyumba zikaingia mikononi mwa Kastodian Bodi, bodi ya serikali ya kushika mali walizoacha, maduka wakagawiwa watu, tukawaita mafuta mingi. Wa kwetu alikuwa askari. Baba alisema aliuza kila kitu kilichokuwa kwenye shelfu na kilipoisha akashangaa kwamba vitu havirudi vyenyewe. Akaja mwingine, akaja mwingine, miaka ya magendo duka lilikuwa na milango imefungwa mbele na watu wanaingia nyuma. Sheria ya kurudisha mali ilipitishwa 1982 ila kurudisha kwenyewe hasa tuliona miaka ya tisini, akaja mjukuu wa mwenye lizi wa zamani na cheti chake cha kurudishiwa, akakaa wiki mbili, akauza akaenda.

Sasa ndo nafika nilipotaka kufika. Ukisoma yanayoandikwa kuhusu hizi nyumba utadhani wamekaa watu wa aina mbili tu, Mhindi aliyejenga na mafuta mingi aliyeharibu. Nyuma ya nyumba yetu kuna ua na vyumba sita, bois kota, yaani makazi ya watumishi. Humo walikaa mpishi, mlinzi, wapagazi wa pamba, baadae wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Nytil watatu watatu kwenye chumba, na mafundi wa baraza tukiwemo sisi. Baba alikuwepo kabla ya 1972, alikuwepo wakati wa askari, alikuwepo mjukuu aliporudi na alimtambua kwa pua ya babu yake. Wenye nyumba walibadilika mara tano, baraza halikubadilika. Na hakuna karatasi hata moja yenye jina lake, si rejista, si lizi, si daftari la kodi. Kama ingekuwa makaratasi tu, baba yangu hajawahi kuishi.

Kwa hivo nimeanza daftari langu mwenyewe. Ninachora ule ua, chumba kwa chumba, naandika nani alikaa wapi na miaka gani kadiri wazee wanavyokumbuka, wakibishana naandika ubishi wote. Vyumba vinne vimejaa. Cha tano najua alikaa mama mmoja aliyepika chapati na kuziuza kwa wafanyakazi wa zamu ya usiku, alikuwa na redio kubwa ya mbao na watu walisikilizia vita vya 1979 kwake, ila kila mtu anamwita kwa jina la mtoto wake na mtoto mwenyewe hatumpati. Chumba cha sita, kile karibu na mfereji, sina hata mtu mmoja.

Tumesikia mwenye nyumba wa sasa anataka kuvunja ajenge maduka ya vioo. Nyumba ni yake, sina la kumzuia. Ninachoomba ni kwa wasomaji wako, Mhariri, kama kuna aliyewahi kukaa nyuma ya duka la vitambaa Main Street, au mama yake, au shangazi yake, au anayo picha ya harusi iliyopigwa kwenye ule ua wenye mwembe, tafadhali aje. Nipo barazani kila Jumamosi asubuhi, cherehani ya baba bado iko palepale. Na yule kijana wa wageni naye aje, nitampa kigae cha pili bure.

Mtoto wa fundi cherehani,
Jinja