Raba sijaweka

Mama, shikamoo yako mama yako kanifikishia, marahaba. Sisi huku Mbagala wazima, joto tu ndo linatumaliza.

Daftari lako la hesabu ulilisahau juu ya cherehani, nikalipekua, nisamehe. Pale kwenye translesheni, kule kusogeza umbo bila kulizungusha, umefutafuta mpaka karatasi imetoboka, nikasema huyu mtoto anafuta nini, nikavaa miwani. A(2,3) imehamia A'(-1,5) we ukaandika kanuni (x+3, y-2). Sasa 3 yako ipo, 2 ipo, ila umerudi ulikotoka. Si unajua daladala ya Mbagala–Kariakoo, kibao kilekile kwenda na kurudi, ukipanda upande wa barabara usio wako imekula kwako. Chukua ilikofika, toa ilikotoka: -1 toa 2 ni -3, 5 toa 3 ni 2. Basi (x-3, y+2).

Mi mwenyewe hilo lilishanikuta, mteja wa sare aliniambia mfuko wa shati usogee sentimita 3 kushoto, mi nikasogeza kushoto kwangu nikiwa nimelitandika mezani, kumbe mwenzangu anasema kushoto kwake akiwa kalivaa, nikafumua mashati 12 usiku kucha na mama yako ananicheka.

Swali la 4 umemeza alama tu, -6 toa -4 ni -2 sio -10.

Ila la 6 ndo limenikalisha mpaka chai ikapoa. K(0,2) inaenda (4,1), L(3,5) inaenda (7,4), M(6,-1) inaenda (10,0), naona umeandika y-1 ukafuta, ukaandika y+1 ukafuta, ukarudia tena y-1, maskini. Mama, hapo hukukosea we, limekosea swali. K na L zimeshuka 1, M peke yake imepanda 1, na translesheni haina upendeleo, pointi zote zinasogea sawasawa, kama mi ninavyotelezesha patani juu ya kitambaa bila kuizungusha, haiwezi kona moja ikaenda kwake. Nimezichora pembetatu zote mbili nyuma ya risiti ya vifungo, ile ya pili imebonyea kabisa. M' ilitakiwa iwe (10,-2).

Na ungejaribu K peke yake ungepata (x+4, y-1) ukafunga daftari, usingeijua hiyo M kabisa. Kwa hiyo kule kuhangaika kwako kote pointi baada ya pointi mi nimekupenda, ulichokosea ni kufuta tu. Kata mstari mmoja, uandike pembeni, mwalimu aone ulipitia wapi. Hilo la 6 mpelekee kwa adabu, mwambie naomba tuiangalie M, usiende na mashauzi kama ya shangazi yako.

Daftari linakuja na basi la kesho asubuhi, ndani kuna penseli 2 na hela ya sabuni. Raba sijaweka, makusudi.

Baba