Barua kwa Mwanangu: Maneno ya Kiingereza Yanayoanza na X

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma orodha yako ya maneno arobaini ya Kiingereza yanayoanza na X, na swali lako la namna ya kuyahifadhi. Usiihifadhi. Zaidi ya nusu ya maneno hayo hata Mwingereza aliyesoma sana hayajui, na ukiyatia kwenye insha mwalimu wako atalazimika kufungua kamusi. Ya kufaa ni kama kumi na mawili, na hayo hayashikiki kwa kukariri. Yanashikika ukijua yametoka wapi.

Sisi tunaandika Kiswahili bila X kabisa, kwa hiyo ni rahisi kudhani Waingereza wanaitumia kila mahali. Wanaitumia, ila katikati na mwishoni: box, six, next. Mwanzoni mwa neno ni adimu. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alipofika kwenye X alisema tu kwamba hakuna neno la Kiingereza linaloanza na herufi hiyo. Maneno tunayojifunza leo karibu yote yana mizizi ya Kigiriki, na mengi yaliundwa baada ya wakati wake, wanasayansi walipokuwa wakitafuta majina ya vitu vipya.

Ukilijua hilo, matamshi yanakuwa mepesi. X ya box ni sauti mbili zilizoshikana, k na s. Mgiriki aliweza kuanza neno kwa “ks”, lakini ulimi wa Mwingereza haukubali, akaiacha k na ile s ikawa z. Ndiyo maana xylophone husomwa “zailofon”, xenon “zenon” na xylem “zailem”. Ukisema “eksailofon” umekosea, hata kama herufi inakuvuta huko.

Lipo kundi jingine ambamo X haisomwi kama sauti ndani ya neno, inatajwa kwa jina lake: X-ray, X-axis (mstari wa kulala wa grafu), X chromosome (kibebea urithi ndani ya seli). Hayo ni “eks”. Kuyatofautisha, tazama kinachofuata X. Ikifuatwa na kistari au nafasi, taja jina la herufi. Ikifuatwa na irabu au y, sema z. Xmas haliingii popote, kwa sababu X hapo ni herufi ya Kigiriki, ya kwanza katika jina la Kristo, na husomwa Christmas kamili. Majina ya watu na mahali nayo yaache kando: X ya Kichina iko karibu na “sh”, na ya Kixhosa ni kidoko kinachopigwa kwa upande wa ulimi.

Tofauti hii inafika hadi kwenye uandishi. Utaandika an X-ray, lakini a xylophone. Wengi huweka an kote kwa kuwa wanaiona X, au a kote kwa kuwa X si irabu. A na an hufuata sauti inayosikika: “eks” inaanza na e, “zailofon” inaanza na z. Soma kwa sauti kwanza, ndipo uandike.

X-ray yenyewe haina Ugiriki wowote. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Röntgen aligundua miale iliyopenya karatasi nyeusi na hata nyama ya mkono. Hakujua ni kitu gani, akaiita X, kama tunavyoandika x kwenye hesabu kwa kiasi kisichojulikana. X chromosome ni hivyohivyo. Watu wengi hudhani iliitwa hivyo kwa umbo lake, lakini mwanabiolojia Hermann Henking aliyeiona mwaka 1891 aliipa X kwa sababu hakuwa na hakika ni nini.

Sasa mizizi. Ni minne tu, na miwili kati yake Kiswahili kinakusaidia kuliko Kiingereza chenyewe.

Xenos ni mgeni. Na Kigiriki kilifanya kama tunavyofanya sisi: neno hilohilo moja ni la mtu asiyejulikana na la mtu uliyemkaribisha nyumbani. Mwingereza anahitaji maneno mawili, stranger na guest. Wewe unalo moja tayari. Basi xenophobia ni hofu au chuki dhidi ya wageni. Usiichanganye na racism, inayohusu rangi na asili ya mtu, kwani mtu anaweza kuwachukia wageni wa rangi yake mwenyewe. Xenon ni gesi iliyoitwa “mgeni”: William Ramsay na Morris Travers waliipata London mwaka 1898, ndani ya mabaki ya hewa waliyoigeuza kimiminika, ikiwa kidogo mno.

Xylon ni mti, kwa maana yetu ya zamani ya mti: uliosimama na uliokwisha kukatwa. Xylophone ni mti wenye sauti, kwa hiyo ile ya kuchezea watoto yenye vibao vya chuma, ingawa imeandikwa xylophone kwenye boksi, si xylophone. Ya kweli ina vibao vya mbao. Xylitol ni kitamu mbadala wa sukari ambacho huweza kutengenezwa kutokana na mbao. Na xylem ni njia ya maji ndani ya mmea, ambayo ndiyo inayojenga mbao.

Hili la xylem nataka ulione kwa macho, hutalisahau tena. Tia maji nusu gilasi na matone ishirini ya rangi ya chakula, nyekundu au buluu. Chukua ua jeupe lenye shina laini, ulitumbukize shina ndani ya bakuli la maji na ulikate kwa mshazari humohumo majini, kisha ulihamishe haraka kwenye gilasi. Usilikatie hewani. Shina likikatwa hewani huvuta hewa, kiputo kikaziba mrija, na rangi inakwama. Kesho yake petali zitakuwa na mistari ya rangi. Sasa kata shina kwa upana kama unavyokata karoti: vidoa vya rangi utakavyoviona ndani ni xylem. Mirija hiyo imejengwa na seli zilizokwisha kufa, zimebaki kuta tupu, na maji hupanda ndani yake kwa sababu majani yanayavuta huku yakipoteza mvuke.

Xeros ni kavu. Xerophyte ni mmea wa nchi kame, na xerophthalmia ni ukavu wa macho unaoletwa na ukosefu wa vitamini A, ambao usipotibiwa huishia kwenye upofu. Xanthos ni manjano: xanthophyll ni rangi ya manjano iliyomo majani mwote, inayoonekana kijani kikiondoka.

Tahajia ina mitego mitatu. Wa kwanza, mtu akisikia z hutafuta kwenye Z, akakosa, akasema kamusi haina. Ukikosa neno la sayansi kwenye Z, nenda X. Wa pili ni y na e: sauti ya “zai” ni xy-, sauti ya “ze” au “zi” ni xe-. Wa tatu ni xerophthalmia. Mna ph ikifuatwa papo hapo na th, yaani h mbili, na karibu kila mtu huiangusha ile ya kwanza. Ligawe: xer, oph, thalmia.

Mkazo nao utakusaliti, kwa sababu sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Xylophone hukaziwa mwanzo, ZAI, silabi mbili zinazofuata zikapita hafifu. Xenophobia hukaziwa FO. Ukilikazia BI umelisema Kiswahili.

Kata karatasi ngumu vipande kumi na viwili: X-ray, X-axis, X chromosome, Xmas, xylophone, xylem, xylitol, xenon, xenophobia, xerophyte, xerophthalmia, xanthophyll. Upande mmoja neno tu. Upande wa pili matamshi kwa herufi zetu, mzizi, na sentensi uliyoitunga wewe. Usiandike tafsiri tupu. Mwenye tafsiri tupu hujibu vizuri leo na baada ya wiki hakumbuki, kwani neno halijashikana na kitu chochote. Anza na vipande vinne kwa siku, na kila siku rudia vya jana kabla ya kufungua vipya. Kitakachokushinda mara mbili kitungie sentensi nyingine, ile ya kwanza huenda haikuwa na picha.

Ukipenda kucheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi ubaoni, X iko moja tu kwenye mfuko na ina pointi 8, sawa na J. Maneno marefu ya Kigiriki hutayapata humo mara nyingi. Shika haya mafupi: ax, ex, ox, xi, xu. Tafuta mraba unaozidisha herufi mara tatu, wenye O kushoto kwake na A juu yake. Ukiweka X hapo unapata ox kwa kulala na ax kwa kusimama: 25 na 25, pointi 50 kwa herufi moja. Kwa hiyo usiitupe X haraka kwa hofu ya kubaki nayo. Ingoje zamu mbili tatu, huku ukikagua kila mraba wa namna hiyo ulio wazi.

Niletee kadi ulizomaliza, hasa zile za xer, nizipitie kabla hujazizoea na makosa.

Wako akupendaye,
Mama